Mali Bila Daftari: Fasihi Simulizi na Haja ya Ghala Huria

Utangulizi

Kila mtahiniwa wa Kiswahili anajua kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii. Sifa hii huandikwa katika karatasi za majibu kila mwaka, na kila mwaka hutuzwa alama. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: ikiwa ni mali ya jamii, jamii yenyewe imeiweka wapi? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la fasihi simulizi yetu liko wapi, na ni nani mwenye ufunguo wa sanduku lake?

Swali hili linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Kila likizo tunawatuma wanafunzi nyanjani wakakusanye ngano, methali, vitendawili, nyimbo na maghani. Wanarudi na kazi ambazo baadhi yake hazijawahi kuchapishwa popote. Tunasahihisha, tunatoa alama, kisha madaftari hayo yanaishia kuwasha moto jikoni au kufungia maandazi sokoni. Mwaka unaofuata kazi huanza upya, na huenda bibi aliyehojiwa mwaka uliotangulia hayupo tena. Wakati huohuo, mifano tunayotumia darasani ni ileile ya miongozo, kiasi kwamba mwanafunzi wa Taita na mwanafunzi wa Busia wanajibu kwa ngano moja ya Sungura na Fisi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeisikia ikitambwa.

Katika makala haya tunapendekeza kuwa walimu na wanafunzi wajenge ghala huria la fasihi simulizi: mkusanyiko ambao yeyote anaweza kuusoma na kuutumia bila malipo, na ambao wachangiaji wenyewe ndio wanaoutunza na kuusahihisha. Aidha, tunashikilia hoja moja kuu, kwamba ujenzi wa ghala kama hilo ni kazi ya uhakiki kabla ya kuwa kazi ya tarakilishi.

Funzo kutoka kwa tungo za Muyaka

Tuanze na mfano unaojulikana vyema. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mnamo 1840. Mashairi yake yalihifadhiwa zaidi vichwani na vinywani mwa watu wa Mombasa. Katika miaka ya 1880 mmishonari Mwingereza, William Taylor, alianza kuyakusanya. Msaada mkubwa aliupata kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa aliyekuwa na kumbukumbu ya tungo hizo na, muhimu zaidi, aliyejua matukio yaliyozizaa. Mwalimu Sikujua aliaga dunia mwaka 1890. Miswada ya Taylor hatimaye ilihifadhiwa katika chuo cha SOAS jijini London. Diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na William Hichens, ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, yaani karne moja kamili baada ya kifo cha mshairi. Uchunguzi mpana wa Mohamed Abdulaziz kuhusu malenga huyo ulichapishwa Nairobi mwaka 1979.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, laiti Mwalimu Sikujua angefariki miaka kumi mapema, sehemu kubwa ya tungo hizo ingezikwa naye. Uzi ulioziunganisha na sisi ulikuwa mwembamba mno. Pili, maneno ya shairi pekee hayakutosha. Tungo nyingi za Muyaka ni za majibizano na za mafumbo ya kisiasa, zikihusu Mombasa ya Wamazrui na uhasama wake na Seyyid Said. Asiyejua tukio hubaki na fumbo lisilofumbuliwa. Maelezo ya Sikujua ndiyo yaliyoyafanya maneno kuwa fasihi tena. Tatu, mali hiyo ilipohifadhiwa, ilihifadhiwa mbali na wenyewe. Mwalimu wa Mombasa wa mwaka 1930 aliyetaka kuisoma miswada hiyo angehitaji kupanda meli.

Hatusemi haya ili kuwalaumu waliokusanya. Bila wao tusingekuwa na cha kuhakiki. Tunasema tu kwamba kuhifadhi ni jambo moja na kuweka wazi ni jambo jingine. Ghala huria linakusudia yote mawili kwa pamoja.

Ghala huria ni nini?

Neno 'huria' halina maana ya ovyo. Mkusanyiko wa data ni huria ukitimiza masharti matatu. Sharti la kwanza ni upatikanaji: mtu yeyote aweze kuusoma na kuunakili mzima, si kuchungulia kurasa mbili tatu. La pili ni ruhusa: pawepo leseni inayoeleza waziwazi mtumiaji anaruhusiwa kufanya nini. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, ndizo zinazotumika sana. Nyingine humtaka mtumiaji amtaje mwenye kazi, na nyingine humtaka pia aiachie huria kazi atakayoitoa humo. Sharti la tatu ni utunzaji: pawepo watu wanaosahihisha, wanaoongeza na wanaojibu maswali, kwani ghala lisilo na mtunzaji huliwa na panya.

Mifano ya kazi za namna hii ipo hata hapa kwetu. Mwishoni mwa 2009 vijana wakazi wa Kibera, Nairobi, walizunguka wakiwa na vifaa vya kupimia mahali, wakachora vichochoro, shule, zahanati na vituo vya maji vya mtaa wao. Kabla ya hapo Kibera ilikuwa karibu doa tupu katika ramani zilizopatikana kwa umma. Ramani yao waliiweka katika OpenStreetMap, mradi huria ulioanzishwa mwaka 2004, ambapo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha. Waliojua njia ndio walioichora njia.

Kwa upande wa lugha, Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003 na huandikwa na watu wanaojitolea. Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, hivyo kosa linaweza kufuatiliwa na kuondolewa. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wakisoma sentensi, Kiswahili kikiwemo. Sauti hukubaliwa baada ya wasikilizaji wawili kuithibitisha. Hali kadhalika, watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walitoa mnamo 2022 mkusanyiko uitwao Kencorpus, wenye Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya: Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Una matini 4,442 zenye maneno yapatayo milioni 5.6, pamoja na faili 1,152 za sauti zinazochukua takriban saa 177. Baadhi ya data hiyo ilitoka katika jamii na shule.

Kencorpus ilikusudiwa hasa kuendeleza teknolojia ya lugha. Mhakiki wa fasihi ana mahitaji ya ziada. Mashine inaweza kuridhika na maneno milioni tano. Mhakiki huuliza: nani alisema, akimwambia nani, wapi, lini na kwa sababu gani? Hapo ndipo mchango wa mwalimu wa fasihi unapohitajika.

Sifa za fasihi simulizi kama kanuni za ghala

Tukichunguza kwa makini, tutaona kwamba sifa tunazowafundisha watahiniwa kuhusu fasihi simulizi ndizo kanuni za kujengea ghala lake. Tuzitazame tatu.

Sifa ya kwanza: fasihi simulizi hubadilika. Kitabu kikishachapishwa, toleo moja hupata cheo cha kuwa toleo sahihi, na mengine huonekana kuwa makosa. Ghala huria halilazimiki kuchagua. Chukua methali tuliyoitaja mwanzoni. Wapo wanaosema mali bila daftari hupotea bila habari, na wapo wanaosema huisha bila habari. Mwanafunzi mwepesi atasema ni yaleyale. La hasha! Kilichoisha hakipo tena; kimeliwa. Kilichopotea huenda kipo mahali, ila mwenyewe hajui ni wapi. Tungo za Muyaka hazikuisha. Kwa muda mrefu zilipotea kwa wasomaji wa kwao, huku zikiwa salama London. Ngano zilizomo katika madaftari yaliyochomwa hazikupotea, ziliisha. Tofauti ya kitenzi kimoja inabeba tofauti ya maana, na anayefuta toleo moja kwa kuliita kosa anafuta pia uwezekano wa uhakiki huo.

Vivyo hivyo kwa mighani. Katika masimulizi ya Waluo, Lwanda Magere alikuwa shujaa ambaye mwili wake haukupenywa na mkuki kwa kuwa nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake. Mke aliyeletwa kutoka kwa maadui, ambao katika masimulizi mengi ni Wanandi, aliigundua siri hiyo na kuwafichulia watu wake. Msimulizi Mluo humchora mwanamke huyo kama msaliti. Je, mtambaji wa upande wa pili angemchora vipi? Huenda kwake yeye ni jasiri aliyejitoa mhanga kwa ajili ya jamii yake. Mwanafunzi mwenye toleo moja ana jibu moja kuhusu uhusika wa mwanamke katika mighani. Mwenye matoleo mawili ana hoja. Fauka ya hayo, akiweka kisa hicho kando ya kile cha Fumo Liyongo wa pwani, ambaye siri yake ilikuwa kitovu na aliyeuawa na mwanawe kwa silaha ya shaba, ataona motifu inayovuka mipaka ya makabila: shujaa asiyeshindwa na jeshi huangushwa na aliye karibu naye. Ulinganishi kama huu huwezekana tu pale ambapo kazi za jamii mbalimbali zimewekwa pamoja na kupangwa kwa njia moja.

Sifa ya pili: fasihi simulizi hutegemea utendaji. Maandishi ya ngano bila maelezo ya utendaji ni kama nguo iliyoanikwa. Umbo lipo, mwenyewe hayupo. Kwa hivyo kila kazi katika ghala haina budi kuandamana na maelezo yake: kipera chake, lugha ya asili na maneno katika lugha hiyo, kisha tafsiri ya Kiswahili, mahali na tarehe, umri na jinsia ya fanani, hadhira iliyokuwepo, ishara, miondoko na viziada lugha, mahali ambapo hadhira ilidakia au kuimba, na ikiwezekana, faili ya sauti. Kurekodi sauti kwa rununu ni rahisi. Kigumu ni kuandika maelezo haya, na kuyaandika ni uhakiki tosha.

Sifa ya tatu: hadhira ya fasihi simulizi ni hai na hushiriki. Bibi akikosea sehemu ya ngano, mjukuu aliyeisikia jana humrekebisha papo hapo. Utunzaji wa ghala huria ni ushiriki wa aina hiyohiyo kwa njia ya mtandao. Msomaji wa Kisii akiona neno la Ekegusii limenakiliwa vibaya na mwanafunzi wa Nakuru, analirekebisha, na rekebisho linabaki na tarehe yake. Kwa maana hii, ghala huria linakaribiana na fasihi simulizi kuliko kitabu kinavyokaribiana nayo.

Mali ya jamii si mali isiyo na mwenyewe

Kuna wanaopinga wazo hili, na pingamizi lao lina uzito. Wanasema kuwa kuweka nyimbo na visasili vyetu wazi ni kuwafungulia mlango wageni na makampuni yavune pasi na kupanda. Wengine huongeza kwamba baadhi ya kazi, kama vile nyimbo za jandoni, maapizo na maombi ya kimila, zina wakati na hadhira yake maalum. Haifai mtoto wa Kidato cha Kwanza azisambaze.

Tunakubaliana nao katika jambo moja: mali ya jamii haimaanishi mali isiyo na mwenyewe. Malisho ya kijiji ni ya wote, lakini yana kanuni zake na wazee wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kuwa jamii zinafidiwa utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni, inayotambua haki za jamii juu ya kazi hizo na haja ya kupata idhini yao. Isitoshe, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi pale data ya mtoto inapohusika. Mwalimu anayeweka sauti ya mwanafunzi wake mtandaoni bila idhini hiyo anakiuka sheria hata kama nia yake ni njema.

Hata hivyo, pingamizi hili halilibomoi wazo la ghala. Linaliwekea milango. Kazi inaweza kuwa huria, inaweza kuwa ya kusomwa tu, na inaweza kuachwa nje kabisa kwa uamuzi wa wenyewe. Fanani aelezwe, kwa lugha anayoielewa vizuri, kwamba kazi yake itasomwa na watu asiowajua, na kwamba kikishanakiliwa kilicho huria hakirudishwi kwa urahisi. Achague kutajwa jina au kutotajwa. Leseni inayomtaka mtumiaji ataje chanzo, na inayodai kazi itokanayo nayo iwe huria vilevile, itafaa zaidi kuliko ile isiyo na masharti yoyote.

Tukumbuke pia kwamba kufunga mlango hakulindi kitu kinachooza ndani. Siku hizi mwanafunzi akiiuliza programu ya akili unde impe methali au ngano ya jamii fulani, huenda akapewa iliyobuniwa na mashine, yenye sura ya ukale na isiyowahi kutamkwa na mzee yeyote. Je, mwalimu atamsahihisha kwa kutumia nini kama hana mahali pa kuthibitishia? Mahali ambapo ukweli haukuwekwa wazi, bandia huketi kitini.

Kazi ya darasani

Ghala kubwa la taifa si la kuanza nalo. Haba na haba hujaza kibaba. Walimu wa shule chache jirani wanaweza kuanza na kipera kimoja, kwa mfano vitendawili au nyimbo za kazi, na kukubaliana kuhusu mambo manne.

i) Fomu moja. Shule zote zitumie maelezo yaleyale tuliyoyataja hapo juu. Shule moja ikiandika 'bembea' na nyingine 'wimbo wa kulaza mtoto', mtafutaji atapata nusu ya alichokitafuta.

ii) Uthibitishaji. Kila kazi isomwe na watu wawili wasioikusanya, mmoja wao akiwa msemaji wa lugha asili. Hapa ndipo itakapojulikana ni nani aliyeenda nyanjani na ni nani aliyenakili mwongozo akiwa kitandani. Kazi iliyonakiliwa kitabuni isiingizwe hata kama inavutia, kwa kuwa hakimiliki ni ya mwenyewe.

iii) Historia ya mabadiliko. Marekebisho yasifute la awali. Toleo tofauti liwekwe kando ya lenzake, si juu yake.

iv) Nakala nyingi. Tarakilishi moja ya shule ikiibwa au kuharibika, kazi ya miaka mitatu isiende nayo. Faili ziwe za aina ya kawaida inayofunguliwa na programu yoyote, na nakala ziwekwe shuleni, kwenye maktaba ya karibu na mtandaoni.

Mtahiniwa atafaidika vipi? Maswali ya fasihi simulizi humtaka mara kwa mara aeleze mbinu za kukusanya data, matatizo ya nyanjani na umuhimu wa kuhifadhi. Aliyepata kuomba idhini, aliyejaza fomu na aliyewahi kurekebishwa na msemaji wa lugha hakariri majibu hayo, anayakumbuka. Nao watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wanapotarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, walimu wanaoshika Mtaala wa Umilisi watahitaji miradi yenye faida inayoonekana. Mradi ambao kazi yake inasomwa na shule nyingine una uzito kuliko ule unaosomwa na kalamu nyekundu pekee.

Hitimisho

Tumeona kuwa tungo za Muyaka zilinusurika kwa sababu mtu mmoja alikumbuka na mwingine akaandika. Bahati ya namna hiyo haiwezi kuwa sera. Tumeonyesha pia kuwa ghala huria la fasihi simulizi linahitaji jicho la mhakiki katika kila hatua: kutambua kipera, kueleza utendaji, kutunza matoleo, kupima idhini. Mashine zipo na leseni zipo. Wanafunzi wanaotoka nyanjani na madaftari yaliyojaa wapo kila muhula. Kabla ya madaftari ya muhula huu kupelekwa jikoni, mwalimu mwenzangu, yafungue tena. Chagua kazi kumi zilizo bora, mrudishe kila mwanafunzi kwa fanani wake akaombe idhini na kukamilisha maelezo, kisha mwonyeshe mwalimu wa shule jirani. Hilo litakuwa daftari la kwanza.

Maswali ya marudio

1. Eleza masharti matatu yanayoufanya mkusanyiko wa fasihi simulizi kuwa huria. (alama 6)
2. "Kubadilika kwa fasihi simulizi si udhaifu wa uhifadhi bali ni utajiri wake." Jadili kwa kurejelea methali moja au mighani moja yenye matoleo mawili kutoka katika jamii yako. (alama 10)
3. Fafanua mambo manne ambayo mtafiti anapaswa kumweleza fanani kabla ya kuiweka kazi yake mahali pa umma. (alama 4)